Mswaki wa Maji si Mswaki

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Hawakutuambia, au pengine walituachia tujionee wenyewe, kwamba jina baya nalo laweza kumtia mtu gizani mchana kweupe. Mimi ni mtu wa isimu. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano kazi yangu imekuwa kuwafundisha vijana wa chuo kikuu jinsi maneno yanavyozaliwa, yanavyokua na yanavyobadili maana. Yamkini ndiyo sababu naona haya kidogo kukieleza kisa hiki, maana aliyehadaiwa na jina ni mimi, na aliyelibuni jina lenyewe ni mimi vilevile.

Kisa chenyewe kinahusu meno. Namwomba msomaji asikunje uso na kufungua ukurasa wa michezo. Walimu wanaosoma safu hii wana wanafunzi waliovaa vyuma vya kunyooshea meno, na idadi ya vijana hao naiona ikiongezeka madarasani. Wanafunzi wanaoisoma, wengine wao, wanavyo vyuma hivyo kinywani hivi sasa. Nina neno kwa kila upande.

Mwaka juzi, nikiwa na umri wa miaka arobaini na minne, niliingia katika chumba cha daktari wa meno jijini Nairobi nikatoka na vyuma kinywani. Sikufanya hivyo kwa ajili ya urembo. Meno yangu ya juu yaliyafunika ya chini kupita kiasi, hata yale ya chini yakawa yanauchimba ufizi nyuma ya ya juu kila nilipotafuna. Nilipokuwa mtoto huko Pwani hakuna aliyezungumza habari ya kunyoosha meno. Jino lilipouma liling'olewa, na lisipouma liliachwa likae lilivyopenda. Daktari alinieleza kwamba nikiendelea hivyo ufizi utarudi nyuma na meno kulegea. Nikakubali.

Wiki ya kwanza ya muhula niliingia darasani kufundisha fonetiki. Wanafunzi wa fonetiki wanajua kwamba sauti f na v hutamkwa kwa kuugusisha mdomo wa chini na meno ya juu, hewa ikalazimishwa kupita katikati. Mdomo wangu wa chini, badala ya kukuta jino, ulikuta chuma. Nilipotamka tu "fonetiki na fonolojia" nikahisi kana kwamba nimelamba msumeno. Daktari alikuwa amenipa nta laini ya kubandika juu ya vyuma ili visikwaruze, nami nikawa nimeisahau nyumbani. Saa nzima nilikwepa maneno yenye f na v, kazi ambayo namwachia msomaji aijaribu mwenyewe kwa dakika mbili aone ugumu wake.

Si kila lugha inazo sauti hizo mbili. Kile Mswahili anachokiita mvua, Mkikuyu hukiita mbura. Mwaka 1985 mwanaisimu Mmarekani Charles Hockett alitoa wazo kwamba f na v zilipata nafasi duniani baada ya binadamu kuanza kilimo na kula vyakula laini. Wawindaji wa kale walitafuna vitu vigumu hata meno yao yakalika na kukutana ncha kwa ncha. Mla uji na mkate hubaki na meno ya juu yaliyotangulia mbele ya ya chini, na kwa hiyo mdomo wake huyafikia kwa urahisi. Mwaka 2019 kundi la watafiti lililifufua wazo hilo katika jarida la Science, na mjadala ungali unaendelea. Ikiwa ni kweli, basi chakula laini kimetupa sauti mbili na kututoza ushuru papo hapo, maana chakula hicho hicho, hasa kikichanganywa na sukari, ndicho kinachong'ang'ania menoni.

Na menoni mwa mtu aliyevaa vyuma kina mahali pengi pa kung'ang'ania. Kila jino hugundishwa kishikizi kidogo; waya hupita katika vishikizi vyote kutoka gego hadi gego; na vipira vidogo huufunga waya huo usichomoke. Hiyo ni rafu zaidi ya ishirini za kuwekea chakula. Ugali hujaa nyuma ya waya. Nyuzi za nyama hujifunga kwenye vishikizi. Ama mboga tunayoila takriban kila siku, jina lake ni sukuma wiki, lakini kinywani mwangu haikusukumika wiki wala siku. Mara mbili nimetoka ukumbi wa chakula nikatoa mhadhara mzima na jani la kijani kibichi likipepea mbele kama bendera, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kuniambia.

Katika dhiki hiyo ndipo nilipokisikia kidude ambacho ndicho kiini cha makala haya. Kina tangi dogo la maji, pampu ya umeme na mrija mwembamba kama kalamu. Ukikiwasha, maji huchomoka katika ncha ya mrija kwa mapigo, zaidi ya 1,000 kwa dakika, nawe unauelekeza mchirizi huo kati ya meno na kandokando ya ufizi. Kilibuniwa mwaka 1962 katika mji wa Fort Collins, jimbo la Colorado, Marekani, na daktari wa meno Gerald Moyer akishirikiana na mhandisi John Mattingly. Nilikinunua katika duka moja jijini kwa bei ambayo ilinifanya niichane risiti kabla ya kufika nyumbani.

Usiku ule wa kwanza nilishangaa. Vipande vya chakula ambavyo nilikuwa nimevichokonoa kwa kijiti bila mafanikio vilitoka vyenyewe na kuelea katika sinki. Kioo, shati na ukuta vililowa, lakini kinywa kilijihisi kipya. Na kwa kuwa mwanaisimu hawezi kukaa na kitu kisicho na jina, nikaanza kukitafutia.

Waliokiunda walikipa jina linalotokana na uzi wa kusafishia meno, ingawa ndani yake hamna uzi wowote. Mimi nikaona njia bora zaidi. Tazama, nikajiambia, neno mswaki limesafiri vipi. Asili yake ni Kiarabu, siwak au miswak. Nasi tulipolipokea tuliifanya ile m ya mwanzo kuwa kiambishi chetu, tukaliweka katika ngeli ya U-I pamoja na mti na mkono: mswaki, miswaki. Lilitaja kwanza kijiti cha mti, mti ambao nao tunauita msuaki. Kisha ikaja brashi yenye mpini. Brashi hiyo nayo ikabadilika, kwani mwaka 1938 nyuzi za nailoni ziliingia katika soko la Marekani badala ya nywele za nguruwe. Jina halikubadilika. Likazidi kupanuka maana, jambo la kawaida kabisa katika lugha. Basi nikaamua kwamba mrithi wa tatu wa jina hilo ni huyu. Nikakiita mswaki wa maji. Nililipenda jina lile hata nikalitolea mfano darasani, na wanafunzi wakaliandika katika madaftari yao.

Mwezi wa Agosti mama yangu alikuja kutoka Malindi kututembelea. Umri wake umepita sabini, na katika pembe ya leso yake hakukosekani kijiti cha msuaki. Asubuhi moja alinikuta nimeinama kwenye sinki, mashine inanguruma, maji yananitiririka kidevuni. Nilizima, nikamwamkia.

"Marahaba," akaitikia. "Ndiyo nini hiyo, mwanangu?"

"Ni mswaki wa maji, mama."

Akaitazama kwa muda. "Wasugulia wapi hapo?"

"Haisugui, mama. Maji ndiyo yanayofanya kazi."

"Basi huko si kupiga mswaki. Huko ni kusukutua. Mswaki wako u wapi?"

Nilicheka. Nikamweleza mama yangu mzazi, aliyenifundisha lugha hii, habari za upanuzi wa maana na urithi wa majina. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Haya," akasema, "wewe ndiwe msomi," akaenda zake jikoni.

Swali lake nililikwepa kwa sababu jibu halikuwa zuri. Mswaki wangu ulikuwa kabatini, mkavu. Nilipokaza vyuma kila mwezi meno yaliuma, na brashi iliongeza maumivu. Maji yalikuwa kama kukandwa. Asubuhi nilikuwa na haraka ya kuwahi mhadhara wa saa mbili, usiku nilikuwa na usingizi. Kidogo kidogo brashi ikawa ya siku za Jumapili, kisha ikawa si ya siku yoyote. Na kila nilipojiuliza kama nimepiga mswaki, nilijijibu bila kusita kwamba nimepiga, tena wa maji. Jina lilinipa ruhusa. Lau ningalikiita kidude kile pampu, nadhani brashi isingalikauka.

Ukafika msimu wa mitihani. Kwa ajili ya kusahihisha nikakosa miadi ya daktari, nikakosa na ya pili. Nilipokwenda hatimaye, daktari alinitazama kinywa akanyamaza. Sisi huitana "Daktari" kila mmoja na mwenzake, yeye kwa udaktari wake nami kwa wangu, na mara zote hutuchekesha. Siku hiyo hakucheka.

"Daktari, unapiga mswaki?"

"Mara mbili kwa siku."

"Kwa kutumia nini?"

"Mswaki wa maji."

Hakunijibu. Alichukua rangi, akanipaka menoni kwa pamba, akaniambia nisukutue na kutema. Kisha akanipa kioo. Nilitarajia rangi itakuwa imetoka. Kuzunguka kila kishikizi, na kwenye mstari mzima ambapo jino hukutana na ufizi, palikuwa pamebaki ukingo wa zambarau iliyokolea. Rangi ile hushika tu pale penye utando. Daktari akaukwaruza kwa chombo chake, ukatoka kama siagi. Chini yake, katika meno mawili ya juu, palikuwa na alama nyeupe zisizong'aa, mfano wa chokaa ya ubaoni. Aliniambia kwamba alama hizo zaweza kuanza kuonekana kwa muda wa wiki nne tu. Zaweza kufifia, lakini huenda zisiondoke kabisa. Na endapo sitabadilika, alisema, itambidi avitoe vyuma kabla ya wakati wake, meno yakiwa hayajanyooka, kwa sababu ni afadhali meno mazima yaliyopinda kuliko yaliyonyooka na kuoza.

Nilirudi nyumbani nimejaa fedheha. Lakini fedheha ya msomi ina faida moja: humrudisha kwenye kamusi.

Kiswahili kina neno la utando ule. Ni ukoga. Watoto wa leo hawalijui, na vitabu vingi vya afya hutumia maelezo marefu mahali pake. Ukoga si mabaki ya chakula. Ni utando wa bakteria walioshikamana na jino na kushikamana wao kwa wao. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek wa Delft aliwaona viumbe hao mwaka 1683 alipoukwaruza uchafu wa meno yake na kuutia chini ya kioo chake cha kukuzia, akaiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London akiwa na mshangao. Ukinywa chai ya sukari, bakteria nao hunywa. Huichachusha sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo hukaa papo hapo chini ya utando, ikilichonga jino. Kipimo cha asidi kinaposhuka chini ya takriban 5.5, madini ya kalsiamu na fosfati huanza kutoka katika ngozi ngumu ya nje ya jino. Mate huja baadaye kuyarudisha, na floraidi katika dawa ya meno huyasaidia. Lakini ukoga ukikaa siku nyingi, na sukari ikija kila saa, hasara huzidi malipo. Bandu bandu huisha gogo. Zile alama za chokaa ni gogo lililokwisha kubanduliwa mara nyingi.

Sasa, maji yafanya nini? Mpishi yeyote anajua. Sufuria ya ugali ukiimwagia maji kwa nguvu, vipande vilivyolegea hutoka. Ukoko haung'oki. Ukoko hutaka kusuguliwa. Ndivyo ilivyo kinywani. Mchirizi wa maji huondoa chakula, hufika kati ya meno na kidogo chini ya ufizi ambako brashi haifiki, na huupunguza ukoga uliolegea. Lakini ule uliogandamana na jino kukizunguka kishikizi hungojea kitu cha kuukwangua.

Mama alikuwa amelisema lote hilo kwa sentensi moja, bila kamusi wala kioo cha kukuzia. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kusafisha kinywa. Kinavyo vitatu, na kila kimoja kina kazi yake. Kusukutua ni kuzungusha maji kinywani na kuyatema ili yachukue kilicholegea. Kuchokoa ni kutoa kilichokwama baina ya jino na jino kwa kitu chembamba. Kupiga mswaki ni kusugua. Mswahili wa kale hakuvichanganya, kwa sababu aliifanya kazi yenyewe kwa mkono wake na kuona kwamba kimoja hakiwezi kumaliza kazi ya kingine. Mimi, kwa kulipanua jina mswaki hadi likaimeza kazi ya kusukutua, sikuikuza lugha. Niliipunguza. Nilivichukua vitenzi viwili vilivyo wazi nikavifanya kimoja chenye ukungu, na ukungu huo ukakaa menoni mwangu kwa miezi.

Simaanishi kwamba mashine ile ni bure. La hasha. Mwaka 2008 ulichapishwa Marekani utafiti uliofanywa miongoni mwa vijana waliovaa vyuma. Waliotumia mashine ya maji pamoja na mswaki walionekana kuwa na ukoga mchache kuliko waliotumia mswaki pekee, na hata kuliko waliotumia mswaki na uzi. Ni haki msomaji ajue kwamba mmoja wa walioandika utafiti huo alikuwa mwajiriwa wa kampuni inayounda mashine hizo. Hata hivyo, neno ninalotaka mwanafunzi alipigie mstari ni pamoja. Hakuna hata katika utafiti huo aliyeambiwa aweke mswaki wake kabatini.

Basi nieleze ninavyofanya siku hizi, kama nilivyoelekezwa. Usiku, baada ya chakula cha mwisho, huanza na maji. Hujaza tangi maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, maana mchirizi unaoingia chini ya ufizi haufai kubeba maji yenye shaka. Tangi moja kwangu halifiki lita, jambo la kushukuru katika mtaa ambao mfereji wake siku nyingine hukohoa tu bila kutoa kitu. Huinama juu ya sinki, hutia ncha kinywani kabla ya kuwasha, hufumba midomo nusu ili maji yadondoke, na huanza na nguvu ndogo kabisa. Mchirizi huuelekeza moja kwa moja kwenye mstari wa ufizi, nikitua kidogo baina ya kila jino na jino na kuzunguka kila kishikizi. Hiyo ni dakika moja au zaidi kidogo.

Kisha huchokoa. Kuna vibrashi vyembamba vyenye umbo la mti wa krismasi vinavyopita chini ya waya. Huviingiza juu na chini ya kila kishikizi. Mwisho hupiga mswaki kwa dakika mbili kamili nikitumia dawa yenye floraidi: brashi ikiinamia ufizi, kisha ikiinamia kishikizi kutoka juu, kisha kutoka chini, halafu ndani na kwenye magego. Nikimaliza hutema povu wala sisukutui tena, ili floraidi ibaki ikifanya kazi usiku. Asubuhi hupiga mswaki tena. Mchana, nikiwa chuoni, hubeba mswaki mfukoni na kikombe, nikatafuta mfereji. Mwanzoni niliona aibu. Sasa wahadhiri wenzangu wawili wameanza kuniiga.

Nawageukia wanafunzi. Wengi wenu hamna mashine hiyo, na walio bweni wamekatazwa kuleta vifaa vya umeme. Msihuzunike. Hakuna jino lililooza kwa kukosa pampu. Kikombe cha maji safi kilichosukutuliwa kwa nguvu mara tatu nne baada ya mlo kitatoa sehemu kubwa ya chakula. Kibrashi chembamba kitachokoa. Mswaki wa kawaida utamaliza. Jihadharini na muwa, mahindi ya kuchoma na njugu ngumu, maana hung'oa vishikizi, na kila kishikizi kinachong'oka ni safari ya ziada kwa daktari na gharama ya ziada kwa mzazi. Jihadharini zaidi na peremende na soda zinazonyonywa kidogo kidogo mchana kutwa. Sukari ya mara moja pamoja na mlo haina madhara kama ile inayorudi kila baada ya nusu saa.

Kwa walimu nina ombi, na nina ungamo. Ombi ni dakika tano. Baada ya chakula cha mchana, mwanafunzi aliyevaa vyuma apewe dakika tano za kwenda kwenye mfereji na mswaki wake bila kuonekana mtoro wala mwenye majivuno. Na afadhali wapewe wote, maana ukoga hauchagui wenye vyuma peke yao. Kengele ya shule yaweza kungoja dakika tano; jino lililooza halingoji. Tena tuchunge ndimi zetu na za wanafunzi wetu. Mtoto asiitwe mdomo wa mabati. Vilevile tusidhani kila doa ni uchafu. Wapo vijana wetu kutoka Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa ambao meno yao ni ya kahawia kwa sababu maji waliyokunywa utotoni yana floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi ile ile iliyo dawa ikiwa kidogo huwa dosari ikizidi. Mtoto huyo hata akisugua kutwa, rangi ile haitatoka, wala si kosa lake.

Ungamo ni hili. Miaka kadhaa kabla sijavaa vyuma, mwanafunzi mmoja alisimama mbele ya darasa langu kutoa wasilisho lake. Alizungumza mkono wake ukiwa mbele ya kinywa, na sauti zake zilikuwa nzito. Nilimwambia mbele ya wenzake auondoe mkono na atamke kama msomi. Aliuondoa, nikaviona vyuma, naye akaendelea kwa sauti iliyokuwa ndogo zaidi. Nikampunguzia alama kwa kukosa ufasaha. Nilikuwa na shahada ya uzamifu katika elimu ya sauti za lugha, na sikujua, au sikujali kujua, kwamba f yake ilikuwa ikimkwaruza mdomo na kwamba huenda alikuwa akificha jani la sukuma wiki. Alama zile siwezi kuzirudisha. Amekwisha hitimu na kwenda zake. Ninachoweza ni kuandika haya, ili mwalimu mwingine asizikate.

Lililobaki ni jina. Darasani nimelifuta la kwanza mbele ya wanafunzi wale wale, nikawaeleza sababu, na sijaona somo la semantiki wanalolikumbuka vizuri kuliko hilo. Kwa kitenzi sukutua tunapata sukutulia, na kwa hicho twaweza kupata kisukutulio, kama vile kikalio kilivyotokana na kalia. Jina hilo halimwahidi mtu zaidi ya kile ambacho kifaa chenyewe hutenda. Likishika, vyema, lisiposhika, watu watalipata lao, maana lugha ni ya wasemaji wala si ya wahadhiri.

Nilimpigia mama simu Malindi kumpa habari hiyo. Nilikiri kwamba alisema kweli, nikamweleza na jina jipya.

"Kisukutulio," akalirudia polepole, akilionja. "Ni jina zuri, mwanangu. Na mswaki, je, umepiga?"